Mikumi: Tembo walipopoteza bibi zao

Mwezi wa tano, mahindi yanapobeba vizuri, nyumba nyingi za Kilosa zilizo kando ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi hubadili utaratibu wa kulala. Baba huhamia shambani kwenye dungu, kile kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, chenye paa la nyasi na moto chini yake. Vifaa vyake ni debe tupu, fimbo ya kulipigia, tochi na filimbi. Mtoto mkubwa wa kiume humfuata kwa zamu. Mama hubaki nyumbani na wadogo, lakini naye halali, maana masikio yote yako kule shambani. Nyumba isiyo na baba, mama ndiye anayepanda dunguni, na wadogo huachwa kwa jirani au kwa bibi yao.

Asubuhi maisha huendelea kama kawaida. Aliyekesha anashika jembe, na mwanafunzi aliyekesha anakwenda shule akiwa na macho mekundu. Mwalimu anayefundisha kandokando ya hifadhi huwajua watoto wa dunguni bila kuuliza, kwani ndio wanaolala juu ya madawati kabla ya saa nne.

Anayesubiriwa usiku kucha ni tembo. Mnyama mzima hula takriban kilo 150 za majani, magome na matunda kwa siku, na akiingia kwenye mahindi hachagui mstari mmoja akamaliza. Hung'oa huku, akaonja kule, akakanyaga katikati. Shamba la ekari moja la familia linaweza kuharibika lote kati ya usiku wa manane na alfajiri. Miwa, ndizi na mpunga hupatwa na hayo hayo, na ndiyo maana hata wakulima wa miwa wa Kidodi na Ruhembe huyajua mambo haya kama wenzao wa mahindi.

Hifadhi ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, miaka mitatu tu baada ya Uhuru. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, na kusini inapakana na eneo lililokuwa sehemu ya Pori la Akiba la Selous, ambalo tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Jina lake limetoka kwenye mikumi, ile miti mirefu ya jamii ya mnazi ambayo wengine huiita mivumo. Tembo hupenda sana matunda yake. Huyameza na kwenda kuzimwaga mbegu mbali pamoja na kinyesi, kwa hiyo mikumi mingi ya Mikumi ilipandwa na tembo.

Barabara kuu ya kwenda Iringa, Mbeya na Zambia hukatisha katikati ya hifadhi. Abiria wa basi huona tembo bila kulipa kiingilio, na wengi wa Dar es Salaam tembo wao wa kwanza walimwona hapo, dirishani, huku kondakta akisema msimtupie kitu. Kuna ubao unaoorodhesha faini kwa dereva atakayemgonga mnyama, na tembo yumo kwa dola 15,000 za Marekani. Kwa fedha hizo mtu angeweza kununua gari. Mkulima wa Kilosa akiusoma ubao ule hupata swali lake mwenyewe, nalo litafikiwa baadaye.

Kwanza, familia ya tembo. Wale wanyama wanaoonekana pamoja, wakubwa kwa wadogo, karibu kila mara ni bibi, mabinti zake, na wajukuu. Anayeongoza ni jike mzee kuliko wote. Yeye ndiye huamua waende wapi, wanywe maji lini, wakimbie au wasimame wamzunguke mtoto. Mimba ya tembo huchukua miezi 22, na jike huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka minne au mitano, hivyo kila mtoto ana mashangazi na dada wa kumlea, kumvuta kutoka kwenye tope, kumkinga na simba. Madume wakifika miaka 12 hadi 15 huondoka, au hufukuzwa, na kuishi peke yao au na madume wenzao. Makundi ya majike huyafuata zaidi kwa ajili ya kupandana.

Msomaji wa Kilosa hahitaji kuelezwa sana hapo. Wakaguru, Wasagara, Wavidunda na Waluguru, wenyeji wa Kilosa na milima ya jirani, tangu zamani huhesabu ukoo kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na kwa Waluguru, ambao ukoo huo huuita lukolo, hata ardhi ilikuwa mali ya ukoo. Ukifuatilia mtu ni wa nani, unapanda kwa mama, kwa mama wa mama, hadi kwa bibi ambaye jina lake linakumbukwa tu. Hii haina maana kwamba wanawake ndio watawala. Mwenye sauti alikuwa mjomba, na akina mama wa huko wanalijua hilo vizuri sana. Kwa tembo hakuna hata mjomba.

Bibi tembo ana faida gani hasa? Jibu zuri lilipatikana hapa hapa nchini, Hifadhi ya Tarangire, mwaka wa ukame mkali wa 1993. Mtafiti Charles Foley na wenzake walikuwa wakifuatilia familia za tembo zinazojulikana mmoja mmoja. Katika miezi tisa, watoto 16 kati ya 81 walikufa, sawa na mmoja katika kila watano, wakati mwaka wa kawaida hufa wawili tu katika mia. Lakini vifo havikugawanyika sawa. Familia zilizohama hifadhi kwenda kutafuta maji na malisho kwingine zilipoteza watoto wachache zaidi, na zilizobaki ndizo zilizoumia. Zilizohama ziliongozwa na majike wakubwa kwa umri, waliokuwa hai wakati wa ukame wa mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Wale waliobaki hawakuwa na mtu wa kukumbuka. Zaidi ya miaka 30 ilikuwa imepita, na njia ya kwenda kwenye maji ilikuwa imehifadhiwa ndani ya kichwa cha bibi.

Sasa rudi Mikumi. Ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 uliikumba hifadhi hii vibaya, na inakadiriwa kwamba kati ya 1979 na 1989 ilipoteza karibu robo tatu ya tembo wake. Majangili hawapigi risasi ovyo. Hutafuta pembe nzito, na pembe hukua maisha yote. Kwa hiyo huanza na madume wakubwa, na madume wakiisha, huhamia kwa majike wazee, yaani bibi. Ndani ya miaka kumi familia nyingi zilibaki na vijana na yatima walioungana ovyo, kama watoto baada ya ajali ya basi.

Mwaka 1989 Serikali iliendesha Operesheni Uhai, iliyowashirikisha wanajeshi, polisi na askari wa wanyamapori, na mwaka huo huo mataifa yakakubaliana kupiga marufuku biashara ya pembe za ndovu duniani. Mauaji yakapungua. Tembo wa Mikumi wakaanza kuongezeka tena, na kwenye karatasi mambo yalionekana mazuri.

Karibu miaka 15 baadaye, Kathleen Gobush na Samuel Wasser wa Marekani, pamoja na Profesa Benezeth Mutayoba wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, walichunguza majike 218 kutoka makundi 109 ya Mikumi. Hawakuhitaji kumgusa mnyama. Walifuata kinyesi. Ndani ya kinyesi cha tembo kuna vinasaba vinavyoonyesha nani ni ndugu wa nani, na kuna homoni zinazoonyesha mwili uko katika msongo kiasi gani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Majike waliokuwa katika makundi yasiyo na jike mzee wala ndugu wa karibu walikuwa na homoni za msongo nyingi zaidi kuliko wale waliokuwa katika familia kamili. Tena walikuwa na watoto wachache zaidi. Risasi zilikuwa zimekoma kitambo, lakini majike waliokosa bibi na dada walikuwa bado hawajatulia, na hawakuzaa kama wenzao.

Mwanamke aliyewahi kujifungua mbali na kwao, bila mama wala shangazi wa kumwogesha mtoto na kumpikia uji, hatashangazwa na matokeo hayo. Profesa alihitaji maabara kuyathibitisha. Bibi wa Vidunda angeyasema bila kupima kitu.

Ndiyo maana hesabu za tembo hudanganya kidogo. Hesabu ya ndege hutoa idadi ya vichwa, na idadi ni muhimu. Mfumo wa Selous na Mikumi ulikuwa na tembo wanaokadiriwa kuwa 39,000 mwaka 2009, na mwaka 2013 wakabaki kama 13,000 tu, kwa wimbi la pili la ujangili. Kwa nchi nzima, makadirio yalishuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi 43,000 na ushei mwaka 2014, kabla ya kuanza kupanda tena hadi karibu 60,000. Lakini ndege haionyeshi kama tembo kumi walioko chini ni familia yenye bibi, au ni mabaki ya familia nne.

Pembe hizo zina historia ndefu katika ardhi hii. Katika karne ya 19 misafara kutoka Ujiji na Tabora ilipita Usagara kuelekea Bagamoyo, na mpagazi mmoja alibeba kama frasila mbili begani, karibu kilo 32. Huko ng'ambo pembe zilichongwa vidude vya kinanda, mipira ya biliadi na vitana. Kuna kisa kimoja ambacho wachache hukikumbuka. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, akitafuta njia ya kubeba mizigo bila wapagazi, alileta tembo wanne waliofugwa kutoka India. Waliteremshwa ufukwe wa Msasani wakatembezwa hadi Mpwapwa na kuendelea kuelekea Ziwa Tanganyika. Mmoja tu ndiye aliyefika Karema. Nchini India tembo alikuwa ana mchungaji wake, ana jina, anabeba magogo na kuvishwa mapambo siku ya sherehe. Hapa hakuna aliyewahi kumfuga tembo. Watu wa Usagara walimjua kama nyama, kama pembe, kama mkubwa mjinga anayedanganywa na sungura katika hadithi za jioni, na kama mwizi wa mtama. Leo mtama umekuwa mahindi.

Wanaovamia mashamba mara nyingi zaidi ni madume, wakiwa peke yao au wawili watatu. Dume anatafuta kunenepa haraka ili ashindane na wenzake, na shamba la mahindi humpa kwa usiku mmoja kile ambacho porini angetembea siku mbili kukipata. Yuko tayari kwa hatari hiyo. Bibi mwenye watoto wachanga ni mwoga zaidi, ingawa naye, njia zake za zamani zikigeuzwa mashamba na makazi, hupita humo humo kwa sababu anajua njia hiyo peke yake. Kilosa ya leo imebanana. Kuna wakulima, wafugaji, mashamba makubwa ya katani na miwa, na sasa reli ya kisasa. Mashamba mapya yanasogea hadi mpakani, kwani kijana anayeoa lazima apewe pa kulima.

Swali la ubao wa barabarani ni hili: ikiwa dereva akimuua tembo hulipa dola 15,000, mkulima hulipwa nini tembo akimmaliza?

Serikali hutumia maneno mawili. Kifuta jasho ni kwa mazao na mali, na kifuta machozi ni kwa kifo au majeraha. Hayaitwi fidia, na tofauti hiyo si ya lugha tu, kwani fidia hulingana na hasara. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari, kutegemea umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, na si zaidi ya ekari tano. Aliyelima ndani ya nusu kilomita kutoka mpakani hakustahili chochote. Kwa kifo ilikuwa shilingi milioni moja. Malalamiko juu ya viwango hivyo yamesikika bungeni mwaka hadi mwaka.

Chukua ekari moja inayotoa magunia kumi ya mahindi. Hata gunia likiuzwa kwa shilingi 50,000 tu, hiyo ni nusu milioni. Lakini hesabu ya ekari, kama hesabu ya vichwa vya tembo, huacha familia nje. Haihesabu usiku 60 wa kukesha, wala malaria ya dunguni, wala mtihani wa darasa la saba wa kijana aliyelinda. Haisemi kwamba magunia kumi hayakuwa ya kuuzwa yote, bali matano yalikuwa ugali wa mwaka, na kwamba mama ndiye atakayekwenda kulima vibarua kwa wenzake mwezi wa kumi na mbili ili watoto wale. Hata mwenye nyumba akifiwa na mumewe kwa tembo, fomu humwuliza majina na hati, huku ukoo ukiwa bado haujaamua nani atalima shamba lile.

Familia hazikukaa kusubiri. Njia inayotumika katika vijiji kadhaa vya kando ya hifadhi nchini ni uzio wa pilipili. Hufungwa kamba ya katani kuzunguka shamba, hutundikwa vitambaa, kisha kamba na vitambaa hupakwa pilipili kali iliyosagwa na kuchanganywa na oili chafu ya magari. Tembo ana pua ndefu kuliko mnyama yeyote, na harufu hiyo humchoma. Kwa Kilosa vitu hivyo haviko mbali: katani inalimwa wilayani, na gereji za Mikumi mjini, panapolala malori, zina oili chafu ya kutosha. Udhaifu wake ni mvua. Ikinyesha sana, lazima kupaka tena, na kazi hiyo ikisahauliwa wiki moja tu, tembo huingia. Wengine huchanganya pilipili na kinyesi cha tembo mwenyewe, wakakausha matofali na kuyachoma usiku upande unaotoka upepo.

Njia nyingine ni nyuki. Mtafiti Lucy King aliionyesha Kenya: mizinga huning'inizwa kuzunguka shamba, kama mita kumi kutoka mmoja hadi mwingine, ikiunganishwa kwa waya. Tembo akisukuma waya, mizinga hutikisika, nyuki wanatoka. Ngozi yake ni nene, lakini nyuki wanajua pa kuuma: kuzunguka macho, nyuma ya masikio na ndani ya mkonga. Karibu na Milima ya Udzungwa, upande wa Kilombero, wakulima wameijaribu wakishirikiana na shirika la STEP, na faida yake ni kwamba hata tembo asipokuja, asali huja. Katika mila nyingi za huku kupanda mti kufuata asali ilikuwa kazi ya wanaume. Mzinga unaoning'inia usawa wa kifua hauulizi mtu ni mke au mume. Lakini nyuki nao wana masharti. Ukame ukikausha maua na maji, huhama, na mzinga mtupu haumtishi tembo.

Huko huko Kilombero, njia ya tembo kati ya Udzungwa na Nyerere imeanza kufunguliwa upya kwa makubaliano na vijiji, na chini ya barabara ya Kidatu kwenda Ifakara kumejengwa pango la kupitisha wanyama. Ni kazi ya miaka mingi na mikutano mingi, kwa sababu waliolima njiani walikuwa na haki zao, na mtu haachi shamba kwa kuambiwa tu kwamba tembo alitangulia.

Hifadhi nayo hulisha watu. Mikumi mjini huishi kwa malori, mabasi na watalii. Kuna wapishi, madereva, wahudumu wa hoteli, akina mama wa mahindi ya kuchoma na ndizi. TANAPA, kupitia mpango wake wa Ujirani Mwema, imechangia madarasa na zahanati vijijini. Tangu treni ya mwendokasi ianze safari mwaka 2024, Kilosa imekuwa mwendo wa saa chache tu kutoka Dar es Salaam, na wageni wanatarajiwa kuongezeka. Shida ni kwamba aliye kwenye dungu na aliye hotelini mara nyingi si wa nyumba moja. Fedha ya tembo hushukia barabarani, na hasara yake hushukia kilomita 20 ndani, ambako basi haliendi. Mama anayeuza ndizi stendi angeweza kuwa daraja, lakini ndizi zake ndizo zilizoliwa.

Jike aliyezaliwa Mikumi mwaka wa Operesheni Uhai, kama yu hai, amevuka miaka 35. Huenda alikua bila bibi, katika kundi la kuokoteza. Sasa yeye mwenyewe ndiye mkubwa, na tembo huweza kufika miaka 60. Ana mabinti, pengine wajukuu. Anaongoza kwa alichojifunza mwenyewe: wapi pana maji kiangazi, gari gani halina madhara, upande gani wa mpaka debe hupigwa usiku. Mwezi wa tano ukifika, naye atakuwa amesimama gizani na watoto nyuma yake, akinusa upepo unaotoka mashambani, wakati upande wa pili mtu amekaa dunguni akichochea moto.